Bafta Juu ya Mbegu

Moroni, 2 Februari 1981

Mama Mdogo Nafissa,

Shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje, na kile kikohozi cha mvua kimekuachia? Mimi mwili wangu mzima. Kichwa ndicho sina hakika nacho, na ukisoma hadi mwisho utaamua mwenyewe.

Nakuandikia Kiswahili chetu cha Unguja, kwanza kwa sababu ndicho ulichonifundishia kusoma, pili kwa sababu Kapteni Gaston hufungua barua zangu na hiki hakijui. Ile yako ya mwisho aliigeuza juu chini, akaniuliza kama ni maelezo ya dawa.

Nyumba ya marehemu mama bado anakaa yeye. Tangu mamluki walipoingia, analala chumba cha mbele kwenye kitanda cha bibi, na mimi nalala jikoni uani, katika nyumba iliyo yangu. Kila asubuhi natoka jikoni kwenda kufundisha watoto historia ya dunia. Jamaa zake mchumba wangu Saïndou wameshaanza kuuliza bwana harusi ataingizwa wapi. Huku mume huja kwa mke. Nimwingize wapi, kwenye mafiga?

Sasa sikiliza. Meli imemletea Kapteni mfuko wa mbegu za majani. Si mboga, Mama Mdogo. Majani ya kukanyaga. Kwao Ubelgiji watu huyapanda mbele ya nyumba, huyamwagilia, yakiota huyakata, yakiota tena huyakata tena, na hakuna mnyama anayepewa. Alikuwa akiwaonyesha wenzake mezani, analalamika kwamba juu ya mawe haya meusi ya volkano hata shetani hawezi kuotesha kitu. Mimi nilikuwa napita na ndoo. Nikasema, "Mimi naweza."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Kapteni akasema, "Bibi mwalimu, ukinionyesha majani uani kabla ya karamu yangu ya Aprili, nahama siku hiyohiyo nakuachia nyumba."

"Neno la askari?"

"Neno la askari!" Wenzake wakagonga meza.

Labda ulikuwa mzaha. Lakini mimi mzaha siusikii, unanijua. Karatasi ya mfuko inasema mbegu zipandwe wakati wa vuli ya Ulaya, na vuli yetu imekwisha pita. Tena hapa hakuna udongo hata wa kujaza kikombe. Nisaidie.

Mwanao,
Bahiat


Mutsamudu, 11 Februari 1981

Mwanangu Bahiat,

Marahaba. Mgongo upo, mimi ndiye ninayeufuata. Kikohozi kimehamia kwa jirani, namwombea.

Toka nizaliwe nang'oa majani. Nimeyang'oa Unguja, nikaolewa huku Nzwani nikayang'oa tena, na mikono yangu unaiona ilivyo. Leo mtoto niliyemsomesha ananiomba nimfundishe kuyaotesha! Nimecheka peke yangu, paka akaondoka.

Lakini nyumba ile mama yangu aliijenga kwa kushona kofia mpaka macho yakamfa, na wala hakuwa akimshonea Mbelgiji. Kwa hiyo nakuletea magunia sita ya udongo mweusi wa bondeni juu ya mji wa Ouani. Yanakuja na mashua ya Housseini. Mlipe kwa dua, mimi nimeshamlipa kwa mkate wa sinia.

Okota mawe yote kwanza. Mwaga udongo upate kina cha shubiri, uuinue kidogo katikati ili maji ya mvua yasituame. Changanya mbegu na mchanga mkavu ili mkono usizirundike pamoja. Mwaga ukienda mbele, mwaga tena ukikatiza upande. Pitisha reki kwa huruma, kisha weka ubao usimame juu yake, mbegu ishike udongo. Maji asubuhi na jioni, kwa birika, kidogokidogo, kama unamnawisha mtoto. Usiache pakauke, usikubali mtu akanyage. Na ufunike na kitambaa cheupe chepesi, la sivyo kuku watakushukuru.

Na hiyo vuli achana nayo. Mbegu haijui kusoma.

Mama yako mdogo


Moroni, 1 Machi 1981

Mama Mdogo,

Shikamoo, na shukrani zisizo na kipimo. Unalala vizuri? Mimi nalala, ila naota majani.

Magunia yalifika salama bandarini. Salimou mchukuzi alilitia begani la kwanza, akauliza mna nini. Nikamwambia, "Udongo."

"Udongo wa wapi?"

"Wa Mutsamudu. Nyumbani."

Akalishusha taratibu kama limejaa mayai. "Pole sana, dada," akasema. Nikadhani ananihurumia kwa uzito. Hakutaka ujira, na wenzake waliobeba mengine walikwenda kimya njia nzima. Sijawahi kuona wachukuzi wenye adabu namna ile.

Udongo haukutosha uani kote. Ulitosha kipande tu kando ya ukuta, urefu wa mtu na kidogo zaidi, upana wa mkeka. Kapteni hakusema majani yawe mapana kiasi gani, na mimi nimeyafikiri sana maneno yake. Nimeinua katikati kama ulivyoagiza, nimemwaga, nimepitisha reki, nimesimama juu ya ubao hadi jirani yetu Rahamatou akachungulia ukutani kuuliza kama ni mazoezi.

Kitambaa nilikwenda dukani kwa Fahardine. Nikamwambia nataka bafta, ya kufunika urefu wa mtu. Hakuuliza zaidi. Akapima, akakata, akakunja kwa mikono miwili, akasema, "Mungu amrehemu."

Nikaitikia, "Amina." Nilikuwa nawaza kina cha shubiri.

Kapteni yuko Mohéli kikazi, atarudi katikati ya mwezi. Mlinzi wake wa lango, Ibouroi, ananitazama nikimwagilia kwa birika, kisha anavua kofia. Kwa nini anavua kofia?

Mwanao,
Bahiat


Mutsamudu, 10 Machi 1981

Bahiat,

Marahaba, mimi mzima, nasema hivyo kwa sababu jana nusura nizikwe na maswali. Watu wa Ouani wamekuja kunipa tanzia! Wamekaa barazani, wamelia, wamekula wali wangu wa chakula cha jioni. Mimi nasema, "Amekufa nani?" Wao wanasema, "Mungu akupe subira." Nasema tena, "Nani?" Kalathoumi akanikumbatia, akawageukia wenzake: "Mnaona? Ukweli haujamwingia."

Wanasema askari wa kizungu wamemuua kijana wa Nzwani huko Moroni, wamemzika uani kwenye nyumba yetu, na wewe umeagiza udongo wa kwao alale nao.

Mtoto msomi! Udongo wa kwao, bafta, tuta, maji ya birika asubuhi na jioni, na ukuta ule ukiutazama vizuri unajua kibla iko wapi. Ukaambiwa Mungu amrehemu, ukasema amina! Ulidhani anarehemewa nani, kuku?

Nenda uwaambie watu. Leo.

Mama yako mdogo, aliye hai


Moroni, 24 Machi 1981

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nisamehe kwa wali wako. Natumaini wageni wameisha.

Barua yako ilinikuta nimeshachelewa. Alhamisi watu walijaa uani wakisoma Yasini, na mafundi wawili, walimu wa chuo cha Kurani, mbele. Nikasimama nikasema, "Jamani, hakuna mtu hapa. Ni majani." Mama mmoja akanishika mkono: "Wamekutisha, mwanangu, tunaelewa." Nikasema naapa. Akasema, "Usiape, Mungu anakuona ulivyobanwa."

Basi Ijumaa baada ya sala nikaamua kuwaonyesha kwa macho. Niliita mtaa mzima, nikashika ncha za bafta, nikafunua.

Mama Mdogo, yalikuwa yameota. Nilikuwa nikimwagia maji juu ya kitambaa bila kuchungulia, karatasi ilisema nisisumbue mbegu. Yameota yote kwa pamoja, membamba kama nywele, kijani ambacho sijawahi kukiona kisiwa chote cha Ngazidja. Majani ya namna ile hayajulikani huku. Uani kote zikapigwa takbiri. Fundi Ambari akalia. Mtu akasema ni majani ya peponi, na ndipo yule kijana wa Nzwani akawa walii.

Kapteni alirudi siku iliyofuata, akakuta udi, mrehani na wanawake. Akapiga kelele kwamba hajazika mtu. Kadiri alivyoapa hakuua, ndivyo watu walivyotazamana. Ibouroi akamwambia hawezi kulinda lango la walii akiwa na viatu. Mpishi akaondoka bila kuzima jiko. Kisha wakubwa wake wakamwita kambini kumuuliza amemzika nani bila kibali. Alirudi rangi imemtoka.

Nilimngoja mlangoni. Nikamwonyesha majani. "Neno la askari," nikasema.

Akayatazama muda mrefu. Akavua kofia, nadhani bila kujijua. Alipokwisha kupakia masanduku kwenye gari, alinisogelea akaninong'oneza, "Bibi mwalimu, niambie mimi tu. Kuna mtu pale?"

Nikamwambia hakuna. Hakuniamini.

Leo nimelala kwenye kitanda cha bibi. Jikoni kulikuwa na joto zaidi, lakini nimelala. Watu bado wanakuja. Rahamatou huja kabla ya wote. Mwanawe Abdoulkarim alichukuliwa na askari mwaka ule wa kwanza wa mamluki na hajarudi, wala hakuna aliyemwambia kitu. Yeye halii wala hapigi takbiri. Anakaa tu pembeni, anaondoka.

Mwanao mwenye nyumba,
Bahiat


Mutsamudu, 3 Aprili 1981

Mwanangu Bahiat,

Marahaba, marahaba tena! Nimeimba barua yako barazani. Mgongo umenyooka kwa muda, kisha ukakumbuka umri wake.

Nyumba imerudi, alhamdulillahi. Sasa sikiliza, maana furaha isikulaze. Wajomba zake Saïndou wameniandikia. Wanataka harusi mwezi ujao, na ngoma ichezwe uani kama ilivyochezwa ya mama yako. Wanasema hawawezi kucheza juu ya walii, na hawawezi kula pilau pembeni yake wakiangaliwa. Wamesema wazi: kaburi likibaki, harusi ingoje, au bwana harusi atafutiwe uani kwingine. Unajua maana ya "kwingine".

Kwa hiyo yang'oe. Mbelgiji hayupo tena wa kuyatazama. Ita mafundi, ita wakubwa wa mtaa, chimba mbele yao mpaka jembe ligonge jiwe. Wakiona mwamba, hata mkaidi ataamini, kwa sababu hakuna anayezikwa ndani ya volkano. Watakucheka mwaka mzima, na wewe kwa kuchekwa huwezi kufa. Mwaka wa pili watakuwa wamepata mwingine.

Mimi nitakuja na mikeka. Usinifikishe huko nikakuta majani.

Mama yako mdogo


Moroni, 19 Aprili 1981

Mama Mdogo,

Shikamoo. Najua umeshaanza kufunga mizigo, kwa hiyo nakuomba uisome hii ukiwa umekaa, mgongo umeegemea kitu.

Harusi itachezwa barabarani.

Nilikusudia kukutii. Jembe niliazima kwa Fahardine, ambaye aliuliza kama nataka kuzidisha kina. Lakini niliona si haki kuanza kuchimba kabla sijamweleza Rahamatou, kwa kuwa yeye ndiye huja kila siku. Nilikaa usiku kucha nikipanga maneno, kwa utaratibu, kama somo: mfuko, Ubelgiji, dau, udongo wako, bafta. Asubuhi alipokuja nikaanza. Sikufika hata kwenye udongo.

"Mwanangu," akasema, "usinieleze majani. Nilikuwa ukutani nikikutazama ukiyamwaga. Tena ulizirundika mbegu upande wa mlango, ona yalivyosongamana pale. Nilitaka kukwambia, nikaona umeshughulika."

Nikamuuliza, kama anajua, anakuja kufanya nini.

Akasema ana watoto watano, wanne anajua walipolala. Akasema kwa huyu wa tano hajawahi kupata mahali pa kumwagia maji. Hakuyasema kwa huzuni, aliyasema kama mtu anayeeleza kwa nini anapita njia hii na si ile. Kisha akaliona jembe.

Nimemwambia Saïndou mwenyewe, uso kwa uso, kwamba majani yanabaki. Akasema barabarani kuna vumbi, mama zake watalalamika kuhusu viatu, na wajomba atazungumza nao, ila nisitegemee wacheke. Mmoja ameshasema hatakuja. Wengine wanataka walii angalau awekewe ukuta wakati wa pilau. Nimekubali pazia. Njoo na mikeka mingi zaidi, barabara ni ndefu kuliko uani.

Na usinigombeze kwa hili la mwisho, kwa sababu nimejigombeza vya kutosha. Unajua sijawahi kumdanganya mtu, hata watoto wa darasani wanaponiuliza kama mtihani ni mgumu. Rahamatou alipokuwa anaondoka, alisimama kwenye majani, birika mkononi, akatazama upande huu, akatazama ule.

"Lakini nionyeshe," akasema. "Kichwa kiko wapi?"

Nikamwonyesha.

Mwanao,
Bahiat