Neema Alisema Karibu

Dada Anna,

Mdogo wako nipo. Kitambi kimezidi, chapati zangu bado zinatoka na umbo la ramani, na ungeniona ungenicheka mpaka ushike mbavu. Nimehamia kwako Walthamstow, hapahapa London. Nalala kwenye kochi lako lile la kuvunja migongo, ambalo ulikataa kulitupa ukisema bado zima. Zima wapi, Dada!

Nimekuja kwa sababu ya Neema.

Geofrey, katibu wa umoja wetu wa watu wa nyumbani huku, yuleyule aliyehangaikia safari ya jeneza lako, alimrudisha nyumbani baada ya ibada ya kukukumbuka. Mlangoni mwanao akamwambia, "Karibu ndani, anko." Ulimfundisha wewe. Mtoto anajibu kila kitu kwa Kiingereza, lakini neno hilo ulihakikisha analo, na mgeni asiondoke bila chai. Alipokuwa anajaza birika, akasikia mlango unafungwa kwa ufunguo.

Alimbaka, Dada. Naliandika neno lenyewe kwa sababu huku hakuna anayelitamka. Wanasema "lile jambo." Wanasema "kutoelewana."

Neema alipokwenda polisi, ndipo simu zikaanza. Wa kwanza Mama Doreen, shoga yako wa kusukana nywele. "Kaka, si alimkaribisha kwa mdomo wake mwenyewe? Sasa analia nini?"

"Mbona hata wewe umenikaribisha kwako mara kibao, Mama Doreen? Ulikuwa unakubali nini?"

Akakata simu. Nikajiona mjanja, unanijua. Haukupita muda akapiga mwenyekiti wa umoja, na yeye hakupandisha sauti hata kidogo. "Wewe ndiye mjomba. Mwambie binti afute kesi, tuyamalize kifamilia." Kisha, taratibu kama anayeniuliza hali ya hewa: "Na hiyo kazi yako ya kutunza wazee, unakumbuka nani alikuombea?"

Tangu siku hiyo kwenye kundi letu la simu hakuna anayenijibu salamu. Gari la kijivu linaegeshwa ng'ambo ya barabara, taa zimezimwa, mtu ndani. Nikitoka na ndala zangu kuangalia, linaondoka polepole. Neema ameacha kufungua mapazia.

Jana aliniambia, kwa Kiingereza chake cha hapa, "Mjomba, kila mtu anauliza kama nilikataa. Mbona hakuna anayeuliza kama yeye aliniuliza?"

Nikamshika mkono tu. Ulikuwa wa baridi.

Leo wazee wa umoja wanakuja kwa kikao. Sikuwaita. Wametuma ujumbe kwamba Neema awepo, na avae vizuri. Avae vizuri! Nimemwambia abaki chumbani na simu yake mkononi.

Pumzika, Dada yangu. Wewe unajua sina kifua cha kumtisha hata paka. Lakini nakuahidi: kesi haifutwi. Kazi wachukue. Siku ya mahakama nitakaa mahali atakapoweza kuniona, hata tukibaki sisi wawili tu katika mji huu.

Nakuaga hapa. Wamefika, na hawabonyezi kengele. Wanagonga kwa ngumi.

Mdogo wako,
Elia