Gia Mbili za Juu

Kwako dada,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia Jumanne nikiwa chini ya gari, nikaifungua na mikono yenye grisi, kwa hiyo usidhani kimya changu ni cha kupuuza. Nimefurahi kusikia kwamba jino limeng'olewa na uvimbe umeshuka. Sisi huku hatujambo. Mama presha yake imetulia, ila amekuwa mkali, hali chakula alichopika mtu mwingine, na mke wangu amechoka kunung'unika amenyamaza. Mwanangu mkubwa sasa ananipita kimo na anavaa viatu vyangu bila kuomba.

Umeniandikia habari za shemeji. Nimeona nikueleze habari nzima tangu mwanzo, kwa kuwa wewe hukuwepo hapa kazini, na yote uliyoyajua uliyajua kupitia kwangu.

Unakumbuka kampuni yetu ilikuwa na magari ya zamani tu, ya kubebea mabomba na mafundi wa pampu za visima. Shemeji aliendesha moja kwa miaka kumi na minne. Gia zake zilikuwa zimelegea kiasi kwamba hakuna mwingine aliyeweza kuingiza namba tatu. Bosi aliponunua pikapu mpya, hakuna aliyeuliza nani atapewa.

Siku ilipoletwa, bosi aliniambia mimi, fundi mkuu, niizungushe yadi kwanza, naye akakaa kando yangu. Ilikuwa otomatiki, yenye gia sita zinazojibadilisha zenyewe. Nilikuwa nimezisoma kwenye vitabu, sijapata kuendesha hata moja. Tulipokaribia geti, mguu wangu wa kushoto ukatafuta klachi kwa mazoea, ukakuta breki, nikaikanyaga mpaka chini. Gari likasimama papo hapo, bosi akagonga paji la uso kwenye dashibodi. Madereva walikuwa wamejipanga ukutani wakitazama. Shemeji ndiye aliyecheka wa kwanza. Alisema jamani, mfungeni fundi mguu wa kushoto kabla hajaua mtu. Yadi nzima ikaangua kicheko, bosi naye akacheka huku amejishika paji. Tangu siku hiyo mpaka leo wapo wanaoniita Klachi.

Jioni shemeji alinifuata karakana akaniomba radhi. Alisema mdomo ulimponyoka, na kwamba hata yeye mguu wake wa kushoto ungefanya vilevile. Nikamwambia yaishe, sisi ni ndugu.

Basi akaanza kazi na ile pikapu. Kitabu chake kilisema inakula lita tisa kwa kilomita mia, na bosi alikuwa amelikariri hilo kwa sababu ndilo lililomfanya ainunue. Wiki mbili za kwanza ilikula tisa, siku nyingine chini ya hapo. Wiki ya tatu ikapanda mpaka kumi na mbili, ikakaa hapo. Bosi akamwita shemeji ofisini akamuuliza lita tatu zinakwenda wapi. Shemeji akasema gari lina ugonjwa, kwenye barabara tambarare injini inalia kama linapanda mlima, na gia mbili za juu haziingii. Nikaitwa mimi. Nikaliendesha nusu saa, nikarudi nikamwambia bosi kwamba gari ni zima. Nikasema labda ni mguu wa dereva.

Ndipo wakaanza kumwita Mguu Mzito. Alilichukua jina kwa upole kuliko nilivyolichukua la kwangu. Jumamosi moja alinijia akanisihi nimfundishe. Dada, mtu aliyeshika usukani tangu mimi sijaota ndevu, aliniomba nimfundishe kukanyaga mafuta. Nikamwambia avue kiatu cha kulia ili aisikie pedali vizuri. Akavua. Soksi ilikuwa imetoboka kwenye kidole gumba, na madereva wote walikuwepo wakinywa chai. Tukaenda barabara kuu tukarudi, mara nne, mimi nikimwambia akanyage polepole, aisubiri gia, asiikimbilie. Aliinamisha kichwa akisikiliza injini, akisubiri. Kila mara alisema bado haijaingia. Nikamwambia imeingia, ila yeye masikio yameanza kuzeeka. Mara ya nne alizima injini. Alivaa kiatu akanishukuru.

Baada ya hapo bosi alianza kusema waziwazi kwamba mafuta yananyonywa njiani na kuuzwa. Akapanga jaribio. Niendeshe mimi, njia ileile ya shemeji, mzigo uleule wa mabomba, yeye bosi akiwa ndani ya gari. Tulitoka asubuhi tukarudi saa nane mchana. Tulipojaza tangi tena, ilikuwa imekula tisa kasoro. Shemeji alikuwa amesimama pale pale kwenye pampu ya yadi, akiutazama mshale. Bosi hakumfokea. Alinyoosha mkono tu, shemeji akatoa kitambulisho cha kazi akamkabidhi. Kisha shemeji akanigeukia mimi akauliza, "Wewe umeisikia ikiingia?" Nikamjibu ndiyo, zote sita. Na kweli siku ile ziliingia zote sita.

Wewe uliponiandikia ukaniomba nikuapie kama mumeo ni mwizi au la, nilikujibu kwamba siwezi kumsingizia mtu, lakini gari halina mdomo wa kusema uongo. Najua barua ile bado unayo. Ukamfungia mlango. Hakuna kampuni iliyompokea, kwani kila aliyepiga simu kwa bosi aliambiwa. Mwaka na miezi minne amebeba magunia kwenye mashine ya kusaga, analala chumba kimoja na wapagazi watatu. Mimi napita pale nikienda kununua vipuri. Yeye hunisalimu kwa mkono uliojaa unga.

Sasa nimesoma barua yako. Unasema ulimpa sharti moja, kwamba akikiri wizi wake mbele ya watoto atarudi nyumbani, na kwamba kwa muda wote huo alikataa, mpaka mwezi uliopita akaja, akapiga magoti sebuleni, akasema ndiyo, nilikuwa nauza mafuta, nisameheni. Unasema mdogo wenu alilia na mkubwa akatoka nje. Unasema umempokea, na unanishukuru mimi kwa kuwa nilikuambia ukweli wakati kila mtu alikuwa anakuficha.

Dada, hakuuza hata tone.

Kwenye dashibodi ya ile pikapu kuna kitufe cha kubebea mzigo mzito. Ukikibonyeza, gia mbili za juu zinafungwa ili injini iwe na nguvu mlimani, na kitaa kidogo kinawaka kukukumbusha ukizime ukifika tambarare. Wiki ile ya tatu nilifungua dashibodi, nikaunganisha waya mbili nyuma ya kitufe kwa kipande cha waya ili kibaki kimebonyezwa siku zote, nikakiziba kitaa kwa utepe mweusi. Kazi ya dakika kumi. Asubuhi ya jaribio nikaukata ule waya, sikuurudisha tena. Dereva aliyefuata anakula tisa mpaka leo, na kila mwezi bosi anamtaja shemeji kama mfano.

Utaniuliza kwa nini. Ni kile kicheko. Nimetafuta sababu nyingine iliyo kubwa zaidi nikuandikie, sijaipata. Mwanzoni nilitaka anyang'anywe gari tu. Halafu kila hatua ilikuwa rahisi kuliko iliyotangulia, na siku alipovua kiatu, nisikufiche, nilifurahi. Lawama zako ningeweza kuzibeba. Hizi shukrani zako ndizo zimenishinda, nimezisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo.

Sitakwenda kwa bosi. Nina watoto, na mwezi wa tatu nimefanywa msimamizi wa karakana nzima. Ukiipeleka barua hii kwake, nitasema mwandiko si wangu. Waya niliutupa zamani.

Kwa hiyo uamuzi ni wako. Ukimwambia shemeji kwamba hakuwa mwizi, hutakuwa umemwambia jipya, hilo alilijua mwenyewe muda wote. Kipya kitakuwa kwamba na wewe sasa unajua. Na itabidi umweleze kwa nini ulimpigisha magoti mbele ya wanawe, maana hilo, dada, si mimi niliyemfanyia.

Mama anakusalimu sana na anauliza lini utakuja. Mke wangu anasema kitambaa ulichomtumia kimemtosha. Wabusu watoto kwa niaba yangu. Salamu za shemeji usimpe kwanza, mpaka uwe umeamua.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi