Diski ya Mama Achieng

Jumanne

Nilijisifu mapema. Skripti yangu, programu fupi ya kuhifadhi nakala za faili za zahanati, huamka saa saba mchana, hufuta diski ya DVD iliyomo kwenye seva, ile kompyuta ya mezani kwa karani, kisha huandika nakala mpya. Haiulizi diski ni ya nani.

Leo karani wetu, Mama Achieng, aliweka humo video ya mazishi ya mamake, nakala pekee aliyo nayo, atazame akila githeri.

"Fundi, mashine yako inanguruma. Inataka nini na mama yangu?"

"Kumsalimia tu."

Kumbe studio ya Kawangware iliyopiga video hiyo ilimpa diski ya bei rahisi, ile inayoandikwa mara moja tu na haifutiki. Skripti ilishindwa. Mamake bado yuko.

Nimeongeza mstari mmoja: soma jina la diski kabla ya kufuta. Ukweli nitamwambia kesho. Au Ijumaa, akishakula.