Mwaka wa Trekta la Baba

Jumatatu, 3 Machi
Trekta la marehemu baba limegoma. Pampu ya maji — imechomelewa mara nyingi hata haijulikani ilikuwa na sura gani. Muuza spea akauliza kwenye simu: modeli gani, mwaka gani? Nikamjibu jekundu. Akacheka mpaka simu ikakatika. Kumbe ziko pampu mbili, ya matoleo ya mwanzo na ya baadaye. Kwa macho ni mapacha. Tofauti ni unene wa shafti. Mawingu yameanza kujikusanya na shamba halijaguswa. Dada, mjane ninayeishi naye hapa kwetu, anasema niliuze kama chuma chakavu. Ghafla tu.

Jumatano, 5 Machi
Amekuja fundi, yule ambaye mtaa mzima unamwita Taratibu. Mgane, nadhifu — ana kitambaa cha kufutia mikono na kingine cha kufutia uso, na havichanganyi. Amekagua kwa mpangilio, jambo ninalolipenda: silinda tatu, taa zimekaa ubavuni mwa boneti. Modeli ameitambua. Mwaka, anasema, uko kwenye namba iliyogongwa ubavuni mwa injini, chini ya grisi iliyoganda. Tarakimu mbili za mwanzo ndizo mwaka. Nikamweleza kuna njia fupi: trekta lilikuja jipya kabisa, mama akashikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza siku hiyo hiyo, kwa hiyo tukihesabu tangu kuzaliwa kwa —
Dada akaangusha sinia. Vikombe vyote. Tukaokota vigae, somo likaishia hapo.

Alhamisi, 6 Machi
Mahali pa namba pamepakwa rangi ya kijani, ile ya geti. Bado mbichi. Dada anasema alikuwa anazuia kutu. Dada, ambaye hajagusa brashi tangu tuzaliwe! Au tangu nizaliwe, maana yeye alitangulia.

Jumamosi, 8 Machi
Taratibu amerudi na brashi ya waya. "Shikamoo, kaka mkubwa." Kaka mkubwa wa nani? Mimi ni kitindamimba. Mara dada akatoka jikoni na kitenge kipya, akainamisha kichwa mbele yangu. "Shikamoo, kaka."
Mwanamke huyu alinibeba mgongoni. Alinichapa kwa kulamba sukari.
"Marahaba," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.
Jikoni dada akanong'ona: amemwambia fundi kwamba yeye, dada, ana miaka hamsini na tisa. Nikamweleza kwa utulivu kwamba mimi nina sitini na tatu.
"Ndiyo maana umekuwa kaka. Fundi ana sitini. Mwanamume gani anataka mke wa kumwamkia? Hesabu si ndiyo somo lako?"
Nilifundisha jiografia.

Jumanne, 11 Machi
Rangi imetoka. Namba ikajitokeza safi kama chaki ubaoni; niliisoma nimesimama. Taratibu alipiga magoti, akafuta miwani, akapitisha kidole kwenye tarakimu moja moja, midomo ikitembea. Akarudia. Kisha akamtazama dada, aliyekuwa mlangoni akikamua kitambaa kikavu.
"Imeliwa na kutu," akasema. "Haisomeki."
Nikafungua kinywa nieleze. Fundi akanikanyaga mguu.
"Tuagize ya matoleo ya baadaye," akaendelea. "Ukiliangalia vizuri, trekta lenyewe bado kijana."

Ijumaa, 14 Machi
Mvua imeanza. Pampu imefika. Haiingii. Taratibu ameijaribu, ameigeuza, ameisifia utengenezaji wake, kisha akasema itabidi aje tena kesho, pengine na keshokutwa, apime vizuri. Dada akamletea kiti chenye mto. Nikaona sasa inatosha, nikasema wazi kwamba mtu yeyote mwenye macho —
"Kaka mkubwa," akanikatiza, akavua kofia. "Kabla ya pampu. Kuna jambo nataka kuomba katika nyumba hii, na haliombwi ila kwa mkubwa wa familia."
Mkubwa wa familia alikuwa amesimama nyuma yake na birika mkononi, akinitazama bila kupepesa.