Plau Isiyokohoa

Bariadi, 8 Juni

Mdogo wangu Rehema,

Nakusalimu kutoka kwenye upepo na vumbi. Wifi Kabula bado anapikia ndani kwa miti mikavu ya pamba, na anakohoa kama marehemu kaka yake, mume wangu. Juzi nilimpeleka kwa daktari. Akamwambia moshi unayala mapafu polepole, kama kutu inavyokula chuma. Ahamishie jiko nje, na ale mboga na matunda.

Jana nikamkuta amejipaka mafuta ya pamba kifua kizima, anang'aa.

"Wifi, nini tena hiki?"

"Si kutu? Plau yetu naipaka mafuta kila tukimaliza kulima. Umewahi kuisikia ikikohoa?"

"Hata siku moja. Lakini plau haishindi jikoni kwenye moshi."

Alicheka mpaka akakohoa, kikohozi kile kile kilichokuwa kikifika mlangoni kwangu kabla ya mume wangu. Kisha akainua figa la kwanza, akalitoa nje mwenyewe.

Leo tumepikia uani michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kuku wamekula nusu yake, lakini hakuna aliyetokwa machozi.

Wabusu watoto. Mkikaa kula, mnikumbuke.

Dada yako,
Mama Neema