Bakuli Lako Limeonekana

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako, salamu zisizo na haraka, maana najua ukifika mistari michache tu utaanza kurukaruka ukitafuta habari za mwizi. Usiruke. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, goti lake limetulia, na yule kuku mweusi uliyeapa kumchinja bado anadunda. Natumaini nawe u mzima, pamoja na shemeji na wapwa zangu, wale wanaoniita Mjomba Kesho kwa sababu ya kalamu za rangi nilizowaahidi. Waambie zinakuja.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu ipo. Dada, nakujua. Kwenye simu ningefungua mdomo tu, wewe ungeshatoa hukumu. Barua haikatizwi. Basi vuta kiti, kaa, na umwombe shemeji asikuguse mpaka umalize.

Unakumbuka shida ilivyoanza. Mara sufuria ndogo ya Mama haionekani, mara chupa ya chai, mara zile sahani za wageni ambazo hata sisi wanawe hatukuruhusiwa kuzilia. Lilipopotea bakuli jeupe la mfuniko ulilomletea mwenyewe, ukasema mambo ni mawili: ama kuna mwizi, ama Mama ameanza kusahau anakoweka vitu. Kwa vyovyote vile, ulisema, haishi tena peke yake. Chumba kwako kimeshapakwa rangi, na ukija likizo utarudi naye. Nilipomfikishia ujumbe huo hakubisha. Aliniongezea chai ambayo sikuiomba, kisha akaenda uani kung'oa magugu mahali ambapo hapakuwa na magugu. Mama akibisha kuna nafuu. Akinyamaza, ameumia.

Ndipo likaja boksi lako, kamera nne na mashine yake ya kurekodi, tumnase mwizi. Ni mimi niliyesema tusihangaike na fundi, kwamba kazi hiyo ni rahisi kama kumsukuma mlevi. Mlevi huyo, dada, alinisukuma mimi.

Kamera moja niliifunga langoni, nyingine mlango wa jikoni, nyingine uani, na ya mwisho sebuleni ikitazama kabati la vyombo. Nilipowasha runinga, Mama alionekana langoni akitembea miguu juu kichwa chini kama popo. Alipokuja kujitazama aliuliza kama wezi nao wataonekana hivyo, maana yeye watu huwatambua kwa nyuso, si kwa nyayo. Nikapanda ngazi nikaigeuza kamera. Kisha mashine ikaanza kulia pii, pii, na kuandika kwenye runinga kwamba haioni diski. Niliizima, nikaiwasha, nikaitikisa, nikaibembeleza. Wapi! Kumbe diski ni kile kibati kizito kilichokuja kwenye mfuko wake. Mimi nilidhani ni spea, na Mama alikuwa ameshakitia chini ya mguu wa meza inayoyumba. Halafu mashine ilitaka neno la siri. Nikaliweka gumu kwelikweli ili mwizi asilibahatishe, na mpaka leo hakuna aliyelibahatisha, nami nikiwamo.

Maji yakazidi unga. Nikaenda mtaa wa nyuma kumwita fundi wa redio na televisheni, yule mzee anayemtengenezea Mama redio yake kila ikigoma, aliyefiwa na mkewe miaka mingi iliyopita, ambaye watu humwita Mzee Bisibisi kwa kuwa bisibisi haitoki mfukoni mwa shati lake hata akienda msibani. Maneno yake machache, ukimsalimu huwaza kwanza. Aliirudisha mashine kama ilivyotoka kiwandani, neno langu la siri likafutika, akaichomeka diski mahali pake, akaifomati ianze upya, akarekebisha na saa iliyokuwa ikituweka kwenye mwaka ambao mimi nilikuwa sijazaliwa. Picha zikatulia. Mama akamletea chai, naye akainywa amekaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Mimi nilikuwapo na sikuona lolote.

Haikupita wiki mashine ikazima. Mama aliona si heshima kitu kigeni kukaa uchi sebuleni, akakifunika kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, akakikunja mara mbili ili kipendeze, na juu yake akaweka maua ya plastiki. Mashine ikapata joto, ikazirai. Mzee Bisibisi akaja, akaeleza kwa upole kwamba mashine nayo hupumua. Baadaye tukagundua kwamba rekodi zina mapengo. Unamjua Mama, hatoki nyumbani mpaka azime kila swichi ukutani, hata ya soketi isiyochomekwa kitu, moto usije ukala nyumba. Kwa hiyo mashine yako ililinda nyumba barabara Mama akiwamo, na akitoka nayo ililala. Mzee Bisibisi akaja tena, akaibandika swichi hiyo utepe mwekundu isiguswe.

Baada ya hapo ndipo balaa lilipoanza. Kila nikipita nilikuta mashine imezima. Mama alisema panya wanatafuna nyaya. Niliweka mtego, nao haukunasa kitu isipokuwa kidole changu. Mzee Bisibisi akawa anaitwa, anakuja, anatengeneza, anaondoka, na kesho kutwa anaitwa tena. Mimi nikakupigia kukwambia kwamba umeuziwa mashine mbovu, ukanikatia simu, na kwa hilo naomba radhi. Na vyombo vilizidi kupungua! Ukanitumia ujumbe kwamba likizo yako imekaribia, Mama aanze kufungasha. Ujumbe huo sikumfikishia. Nilijaribu, lakini nilimkuta anamwagilia mboga zake huku akiimba, nikashindwa.

Jumamosi iliyopita, Mama alipokwenda kumtazama mgonjwa, niliketi mbele ya runinga nikaanza kurudisha picha za langoni nyuma. Nilitafuta mtu mwenye gunia. Nikamwona Mzee Bisibisi anatoka, ana kifurushi kwapani kimefungwa kwa kitambaa, na kwenye ncha ya kitambaa umechomoza mfuniko wa bluu. Hotipoti ya Mama! Nikarudisha zaidi, nikamwona na sufuria kubwa. Nikarudisha zaidi, chungu cha mchuzi. Tulikuwa tumemwita mwizi atutengenezee kamera ya kumnasa mwizi, na tukampa chai.

Nilifika kwenye karakana yake nikihema, maneno yote makali nikiwa nimeyapanga njiani. Yakaniishia mlangoni. Vyombo vya Mama vyote vilikuwa juu ya rafu, bakuli lako jeupe likiwa mbele, katikati ya redio zilizofumuliwa, vimeoshwa, vimepangwa, vinang'aa kuliko vilivyowahi kung'aa nyumbani. Mzee aliniona ninavyovitazama, akainamisha kichwa. Akaniambia kwamba kila anapokuja kutengeneza, tangu enzi za redio, Mama humfungia chakula aende nacho. Chakula hula, chombo huosha. Ila marehemu mama yake alimfunza kwamba chombo cha jirani hakirudishwi kitupu, na yeye jikoni anajua chai tu, na mayai, nayo huungua. Basi kila chombo alikiweka rafuni mpaka siku atakayopata cha kutia ndani, na siku hiyo haikufika, na vyombo vikaongezeka, na kadiri vilivyoongezeka ndivyo alivyoona haya zaidi.

Kisha akasema jingine, kwa sauti ya chini. Alisema tangu ile siku ya utepe mwekundu, mashine haijawahi kuharibika. Kila alipoitwa aliukuta waya umechomolewa, akauchomeka, kazi ikaisha. Ila hakuona sababu ya kusema.

Nilirudi nyumbani mbio nikafungua picha za sebuleni, ambazo sikuwa nimezigusa. Dada, kila rekodi inakwisha namna moja. Mama anaingia, ameshabadilisha gauni, anajitazama kwenye kioo cha kabati, anachungulia dirishani, anainama nyuma ya runinga. Giza. Na inayofuata inaanza na Mzee Bisibisi anainuka kutoka nyuma ya runinga hiyohiyo, anapangusa magoti, anakaa. Sasa hakai ukingoni tena. Anafungua skrubu moja ya mashine, anaifunga, anaifungua, na huku chai inaendelea kumiminwa. Kamera zako hazina sauti, kwa hiyo sikusikia alichokuwa akisema mtu yule asiye na maneno. Nilimwona Mama tu, anacheka, mkono mdomoni, mabega yanatikisika. Tangu Baba atutoke sijamwona hivyo. Nilifurahi, na papo hapo nikaona uchungu kwamba mimi ninayepita hapo kila siku nimehitaji mashine ya kunionyesha.

Mama alinikuta hapohapo, picha ikiwa wazi. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akaketi, akasema nisikuandikie. Baadaye akasema nikuandikie. Alisema vyombo vyake alijua viko wapi, kimoja kimoja, tangu mwanzo, ila angewaambiaje watoto? Ulipodai kwamba anasahau, alinyamaza kwa sababu aliona afadhali tumdhanie amesahau kuliko tujue amependa. Chumba chako hakidharau, dada, anakushukuru kwa rangi. Lakini akihamia huko ataishi kama mgeni, na hapa ndipo kuna mtu anayemngoja achomoe waya.

Jioni hiyo Mzee mwenyewe alikuja. Nilijua ni jambo zito kwa kuwa mfuko wa shati ulikuwa mtupu, bisibisi kaiacha nyumbani. Alituomba tumwoze Mama, kwa heshima zote. Kwa upande wangu nilimjibu ndiyo kabla hajamaliza. Kwa upande wako nilinyamaza, maana wewe ndiye kifungua mimba, na Mama amesema wazi kwamba bila neno lako hatatoa lake. Kwa hiyo, dada, atakayeamua si kamera wala mimi.

Asubuhi yake vyombo vilirudi, na hakuna kilichorudi kitupu. Sufuria ndogo ina balbu. Chupa ya chai imejaa fyuzi. Sahani za wageni zimekuja na waya uliokunjwa vizuri, na Mama ameupanga kabatini kama dhahabu. Bakuli lako tu ndilo limebaki rafuni kwake, limeoshwa, limefunikwa. Anasema hilo alilileta binti mkubwa, na hawezi kulirudisha mpaka ajue kama atalijaza kwa posa au kwa kwaheri. Ukija likizo, tafadhali pitia kwake kwanza, ulitazame bakuli na umtazame mtu, ndipo uje nyumbani useme.

Msalimu shemeji, wabusu wapwa zangu, na waambie kalamu za rangi ni kesho. Mama anakusalimu sana. Nilimpa kalamu aongeze mstari wake, akaona haya, akaenda jikoni. Mashine yako tumeiacha inawaka usiku na mchana. Hakuna anayechomoa waya tena, maana fundi siku hizi huja bila kuitwa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitinda mimba, fundi wa kamera aliyestaafu mapema