Farasi Chini ya Dirisha Langu

Nyumba ya 18,
Mtaa wa Kizil-Alma,
Bishkek.
3 Juni

Mpendwa wifi yangu Nurzat,

Pokea salamu zetu sote, za moto kama chai ya asubuhi. U hali gani huko Korea? Macho yako yamepata nafuu? Ulisema taa za kiwandani zinakuchoma, na mimi tangu siku hiyo nikiwasha taa ya sebuleni nakufikiria wewe. Kula vizuri. Usijidanganye kwa tambi za kumwagia maji ya moto kila siku, nakujua.

Sisi huku wazima. Kaka yako Ermek mzima, amenenepa kidogo, ukimuuliza atakataa. Baba yako mzima kabisa, na habari zake ndizo zilizonikalisha hapa mezani. Barua hii anakuletea Cholpon, binti wa muuza mkate wetu, pamoja na mfuko wa jibini kavu. Baba ameziviringisha kwa mikono yake, kwa hiyo usishangae zikiwa na ukubwa wa ngumi.

Najua mwezi wa pili simu ilikatika ukiwa unalia. Nilikuambia Baba anataka kurudi mlimani kuishi peke yake na ule moyo wake mgonjwa, kisha salio likaisha, ukabaki na hilo tu. Nisamehe. Kwenye simu tangu hapo nimekuwa nikikuambia mambo ni mazuri, nawe huniamini. Basi keti, nikusimulie yote.

Unakumbuka alivyoanguka kwenye theluji vuli iliyopita, akalala pale mpaka wachungaji walipopita. Ermek alipopanda mlimani Suusamir kumchukua, Baba alisema neno moja tu: nikienda mimi, na Kashka anakwenda. Yule farasi jike wake mwenye paji jeupe. Tulidhani anatania. Siku ya pili lori likasimama mbele ya geti letu, na Baba hakuwa amekaa mbele na dereva. Alikuwa nyuma, kwenye baridi yote ile, ameshika kamba ya farasi wake.

Tulimweka Kashka kwenye kibanda cha makaa. Unakijua, kile kilichoegemea ukuta wa jirani yetu, Mwalimu Sonun. Na ng'ambo ya ukuta huo ni jiko lake.

Wifi yangu, sitasema uongo kwa kuwa ni farasi wetu. Mwalimu alikuwa na haki. Kila alfajiri Kashka akitaka nyasi alikuwa anapiga ukuta kwa kwato, na sahani za Mwalimu zinacheza kabatini. Theluji ya kwanza ilipoyeyuka, mkojo ukapenya ardhini mpaka kwenye stoo yake ya chini, pale anapohifadhi viazi na jamu yake ya cheri. Aliniita niteremke nione. Nikateremka, nikanusa, nikapanda ngazi nimeziba pua.

Baba naye hakusaidia. Siku moja Mwalimu alimlalamikia kutoka juu ya ukuta, naye akamjibu bila hata kuacha kazi yake.

"Mwalimu, huyu ananuka vizuri kuliko basi la asubuhi!"

"Basi halilali jikoni kwangu, mzee!"

Baada ya hapo Mwalimu aliacha kunisalimu. Mimi! Miaka kumi na nne tumeazimana chumvi na ngazi, binti yangu amejifunzia hesabu mezani kwake, leo ananipita dukani kama nguzo ya umeme. Hilo liliniuma kuliko maneno ambayo angeweza kunitukana.

Malalamiko yakafika kwa Melis, mwenyekiti wa mtaa wetu. Akaitisha mkutano pale penye bomba la maji, kwenye baridi, labda kwa kudhani watu watasema machache. Wapi! Urmat wa nyumba ya kona, yule anayeosha gari lake mpaka linakaribia kuchubuka, alisimama akasema mji ni mji na mlima ni mlima.

"Leo farasi, kesho ngamia," akasema. "Wageni wangu wakija nitawaambiaje?"

"Waambie mbwa wako ndiye anayewafanya kuku wangu wasitage!" akapiga kelele mama mmoja kutoka nyuma.

Ikawa vurugu. Wengine wakisema ni aibu Mkirgizi kukataza farasi, wengine wakisema babu zao walikuwa na farasi lakini hawakuwaweka kwenye jiko la mtu. Baba alisimama muda wote ameshika kofia mkononi. Nilimtazama nikaona amekuwa mdogo, kama mtu aliyekaribishwa karamuni kwa makosa.

Melis mwishowe akaamua. Farasi asiguse ukuta wa jirani yeyote wala asiwe karibu nao. Tukimpatia mahali pengine ndani ya kiwanja chetu, abaki. Tusipompatia, sikukuu ya Nooruz ya mwezi wa tatu isimkute hapa.

Ermek akatoka na kamba ya kupimia. Upande mmoja Mwalimu, upande wa pili Urmat, nyuma kisima na choo. Palibaki mahali pamoja tu, katikati ya ua, chini ya dirisha la chumba chetu cha kulala. Na pale palikuwa na jiko langu la kiangazi.

Hukuliona likiwa limekamilika, ulikuwa umeshasafiri. Ermek alilijenga viangazi viwili. Lina tanuri la mkate, rafu za mti wa mlozi, na ukutani vigae vya bluu nilivyokwenda kuvichagua mwenyewe sokoni Dordoi, nikazunguka mpaka miguu ikavimba. Maisha yangu yote nilikuwa napika kwenye jiko la watu wengine. Lile lilikuwa langu.

Hakuna aliyelitaja. Ermek alipima kila pembe, akifika hapo anaruka kwa macho. Baba naye aliliangalia mara moja tu, akasema, "Basi. Hapana nafasi. Barabara ya mlimani ikifunguka narudi." Akaenda kupaka mafuta tandiko lake. Wakati huo ndipo nilipokupigia.

Siku chache baadaye nilitoka asubuhi kumwaga majivu. Baba alikuwa kibandani anamsugua Kashka kwa brashi, na anaongea naye. Unajua baba yako alivyo, kwetu maneno matatu kwa siku ni mengi. Lakini pale alikuwa anamsimulia farasi habari za marehemu mama yako. Alikuwa anamkumbusha, "Unakumbuka alivyokuwa anakukama huku anaimba vibaya?" Na anacheka peke yake. Nikajua kwamba yule farasi ndiye mtu pekee aliyebaki anayewakumbuka wote wawili walivyokuwa.

Sikufikiri sana. Ningefikiri nisingefanya. Nilichukua nyundo, nikaingia jikoni kwangu, nikapiga kigae cha kwanza.

Ermek akatoka mbio, nusu ya uso ina povu la kunyolea. "Gulbarchin! Umepagawa?"

"Nyundo ya pili iko stoo. Kaichukue, ushike na wewe."

Baba akaja nyuma yake. "Binti, usinifanyie hivi. Mimi ni mgeni tu hapa."

"Mgeni gani anakula supu yangu kila siku na kusema haina chumvi?" nikamwambia. "Baba, nipishe, vumbi litakuingia machoni."

Hakunipisha. Alivua koti, akaanza kushusha rafu moja moja, taratibu, kama mtu anayembeba mtoto aliyelala.

Sasa Mwalimu Sonun alisikia kishindo, akadhani tunauvunja ukuta wake kwa hasira. Akaingia kwa geti, mara ya kwanza tangu Januari, amejiandaa kwa vita. Akasimama. Akatazama nyundo, akanitazama mimi, akatazama vipande chini. Siku ile ya Dordoi ni yeye aliyenisindikiza, Nurzat. Ndiye aliyemshusha bei muuzaji.

"Hivi vya bluu?" akauliza.

"Ndivyo."

Akageuka, akaondoka. Nikasema moyoni, haya, amekwenda kufurahi kwake. Chai haijapoa akarudi, amevaa koti kuukuu la marehemu mumewe na glavu, ana patasi mkononi.

"Vigae havivunjwi hivyo, mtoto wa watu. Vinang'olewa. Sogea!"

Nilisogea. Tulifanya kazi mpaka jioni, mabega yakigusana, na vigae vyote vilivyobaki tukavitoa vizima. Mahali fulani katikati ya kazi nilianza kulia, naye akaanza kunigombeza kwa kulia, kisha tukawa tunacheka wote wawili na pua zetu nyeupe kwa vumbi. Ermek aliingia na chai, akatuona, akatoka tena.

Wiki ile Baba na Ermek walijenga banda jipya, zuri, lina sakafu ya mbao na mfereji wa kupeleka uchafu mbali. Kibanda cha makaa kilichobaki wazi tulikiosha kwa chokaa mara nyingi, na vigae vyangu vya bluu sasa viko humo. Ni kichumba kidogo cha kupikia, ukifungua kabati huwezi kufungua mlango. Lakini kimegeuziana mgongo na jiko la Mwalimu, na chai ikiwa tayari tunagongeana ukuta. Yeye anagonga mara mbili, mimi najibu kwa mwiko.

Kisha Aprili, asubuhi moja tukiwa tunakunywa chai, Baba alituita kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo. Kashka alikuwa amezaa mimba aliyotoka nayo mlimani. Dume, miguu mirefu kama mabua, paji jeupe kama la mama yake. Alisimama, akaanguka, akasimama, akaanguka kwenye ndoo. Baba alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, anamfuta kwa shati lake zuri la sikukuu.

Melis alikuja siku hiyo hiyo, nadhani Urmat ndiye aliyempelekea habari. "Jamani," akasema, "sasa wamekuwa wawili!"

Mwalimu Sonun alikuwa ameegemea ukuta. "Melis, mwanangu, nilikufundisha hesabu darasa la tano na hukuwa ukifanya vizuri. Uamuzi wako ulisema farasi asikae karibu na ukuta. Ulitaja idadi?"

Melis akafikiri. "Sikutaja, Mwalimu."

"Basi kaa unywe chai."

Usidhani kila kitu ni asali. Urmat bado hatusalimii. Na chumbani kwetu, wifi yangu, nalala na farasi wawili chini ya dirisha, namsikia Kashka akitafuna kama jirani anayekata kuni. Nzi wameanza, nimeweka nyavu. Kaka yako analala fofofo, yeye hata lori likipita kitandani hataamka. Mimi nimezoea. Ukimya ukizidi sasa ndipo ninapoamka, nikaangalie kuna nini.

Sasa sikia la Jumapili iliyopita, maana ndilo lililonifanya nitafute kalamu.

Baba alitoa kimizi yake ya kwanza ya mwaka, maziwa ya Kashka aliyoyachachusha na kuyapiga mwenyewe kwenye pipa la mti. Nilikaanga maandazi sinia tatu. Nusu ya mtaa ilijaa uani. Mwalimu Sonun alikunywa bakuli la kwanza akafumba macho. La pili akalinywa polepole. Kisha akaweka bakuli chini akamwangalia Kashka, kwa muda mrefu.

"Mzee," akamwambia Baba, "huyu anakubali mtu asiyemjua?"

"Unajua kupanda?"

"Mimi ni wa At-Bashi, kule milimani. Nilipanda kabla sijatembea. Niliolewa na mhasibu aliyeogopa hata mbuzi, nikaacha. Ni miaka arobaini."

Baba akamfungua Kashka. Alimwekea tandiko. Mimi nilishika kigoda, namwona tayari yuko hospitali. Mwalimu akapanda na gauni lake la nyumbani na ndara, akakaa, na Nurzat, mgongo ule ukanyooka! Sikuwa najua kama ana mgongo ule.

Akatoka getini kwa mwendo wa kutembea, mtoto wa farasi anamfuata nyuma. Ndara moja ikaanguka, hakugeuka. Alipofika kwenye kona, Urmat alikuwa amechutama anafuta tairi. Akainua kichwa, akakuta tumbo la farasi, akazidi kuinua.

"Urmat! Hujambo, baba?" Mwalimu akamwambia kutoka juu kule.

"Si... sijambo, Mwalimu," akasema, kitambaa kikamdondoka. Ilibidi ajibu. Mtu gani hajibu salamu inayotoka juu ya farasi?

Hapo Mwalimu akampiga Kashka kwa kisigino kile kisicho na ndara, wakaondoka mbio mpaka mwisho wa mtaa, kilemba kimemlegea, watoto wanapiga mayowe. Baba alikuwa ameshika nguzo ya geti, anacheka mpaka nikauhofia moyo wake. Mwalimu alipofika tena kwetu nilikimbia na kigoda ili ashuke. Hata hakukitazama.

"Tena," akasema, na kumgeuza farasi.

Basi hizo ndizo habari zetu. Baba hazungumzii tena Suusamir isipokuwa kwa kusifu nyasi zake. Ermek anakusalimu. Binti yangu Aiperi anakusalimu na anataka kalamu za rangi za huko, usipoleta nitaambiwa mimi. Mwalimu Sonun anakusalimu na anauliza kama bado unaandika saba kama moja. Msalimie sana Begaim unayekaa naye chumba kimoja, mgawie jibini.

Mungu akutunzie macho yako na mikono yako, akufungulie njia, akurudishe kwetu salama ukiwa unacheka.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda kama mdogo wangu wa tumbo moja,

Gulbarchin

Baada ya hayo: Mtoto wa farasi hana jina. Baba amekataa katakata, anasema jina litatoka kwako. Fanya haraka, tafadhali. Ermek ameanza kumwita Toyota, na anaitika.